Hodi ya Mzee Chengo

Lililoanza ni maji ya mtungi. Asubuhi moja, Idi ikiwa imepita si zamani, Mwanarusi alichota kata ya maji, akaipeleka mdomoni, kisha akayatema uani na kubaki akiitazama kata kana kwamba imemtukana.

"Baba Biasha," akamwita mumewe kwa sauti ya chini, "umenawia mikono humu?"

"Ninawie mtungini, kwani mimi mtoto?"

"Basi njoo uonje."

Mselem akaonja. Maji yalikuwa safi, hayana hata taka, lakini yalinuka ile dawa ya zambarau ambayo yeye huitia katika maji ya kuoshea vidonda, na nyuma ya harufu ya dawa ilikuwapo ya pili, nzito, ya donda lililooza. Mtu aliyefunga vidonda miaka mingi huzijua harufu zake kama mama anavyovijua vilio vya wanawe. Hii Mselem aliitambua papo hapo. Ilikuwa ya mguu wa Mzee Chengo, na Mzee Chengo alikuwa kaburini tangu mwezi wa Ramadhani.

"Panya kafia mahali," akasema, akaumwaga mtungi wote mchangani.

Panya hanuki dawa, na hilo yeye alilijua kuliko mkewe. Lakini Mselem alikuwa na sababu yake ya kutolitazama jambo lile usoni, na sababu hiyo ndiyo iliyoyaleta yote yaliyofuata.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Mselem alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ndogo ya Mwatunge, kijiji cha kati ya Tiwi na Diani, na alikuwa mtu mwema. Tatizo ni kwamba alikuwa mwema wa kujijua. Madresa wengine waliwangoja wagonjwa zahanati. Yeye aliona kwamba wapo wasioweza kuja, wale waliolala katika banda la kukaushia mbata, zile nazi kavu, nje kidogo ya kijiji, lililoachwa na tajiri mmoja aliyehamia Mombasa. Wengi wao waliwahi kukata miwa katika mashamba ya kusini. Huko walikaa katika nyumba za shamba, na mguu ukishaoza mtu hawezi kazi, na asiyeweza kazi nyumba hana, na kwao alikotoka zamani hakuna tena anayemjua. Wengine walikuwa na ukoma, wamefukuzwa na ndugu zao wenyewe. Zahanati hawakwenda kwa sababu wagonjwa wenye makwao waliziba pua wakiwaona.

Basi kila alasiri Mselem alichukua ndoo, kopo la dawa na bendeji, akawafuata huko huko bandani. Aliwaosha, akawafunga, akawauliza habari za usingizi na chakula. Daktari Mzungu alipokuja kukagua alimpa mkono mbele ya watu, na Mselem akatembea na mkono ule kwa siku nyingi kama mtu aliyebeba yai. Furaha ikampanda kichwani. Alasiri ile ile akawaambia watu wa banda, "Atakayezidiwa asiningoje. Aje nyumbani kwangu, saa yoyote, mchana au usiku. Apige hodi tu."

Aliyelishika sana neno lile ni Mzee Chengo. Alikuwa Mgiriama mpole, mtu wa maneno machache, mwenye donda kwenye muundi lililokula mpaka karibu na mfupa. Kila bendeji aliyofunguliwa aliifua mwenyewe, akaianika ukutani, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, na kesho yake akamrudishia Mselem kwa mikono miwili. "Mali ya serikali hii," alikuwa akisema. Halafu uvimbe ukamwingia kooni. Sauti ikaanza kumpungua, mpaka kulitoa neno moja ikawa kazi nzito, na baada ya neno lile akawa hana budi kukaa kimya akitafuta pumzi.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia na masika. Jioni moja Mwanarusi alikuwa Tiwi akimwuguza mamake, na nyumbani walibaki Mselem na Biasha, mtoto wao wa pekee, msichana wa miaka minne. Mvua ilikuwa ikipiga makuti. Mselem alikuwa ameshinda na saumu, na alasiri yote ameinamia vidonda, na mikono yake aliisugua kwa ndimu lakini ilikuwa bado inanuka. Jirani alikuwa amewaletea futari, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi inayotoa moshi. Adhana ikalia. Mselem akatia tende mdomoni, na papo hapo mlangoni kukasikika sauti.

"Hodi."

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo. Iliita mara hiyo moja, ikanyamaza.

Biasha akageuka. "Baba, kuna mtu."

Mselem akaitafuna tende. Akaitazama mihogo. "Si mtu," akanong'ona. "Ni jini huyo. Jini huita mara moja tu, mtu huita mara tatu. Ukisikia hodi moja usiitike kabisa, umenisikia? Ikiwa tatu, huyo ni mtu, mwambie karibu."

"Nimesikia, Baba."

Watoto wengi wa pwani hufunzwa hivyo na wazee wao, na si vibaya. Nje kitu kikajikokota barazani, kikatulia kidogo, kikajikokota tena, na mvua ikazidi. Mselem akala futari yake.

Asubuhi wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji walimkuta Mzee Chengo chini ya mndimu, kando ya njia itokayo kwa Mselem, amelala chali, mdomo wazi umejaa maji ya mvua. Mselem alitangulia mbele katika mazishi. Alichimba kwa mikono yake, akatokwa na jasho kuliko wote, na watu wakamsifu. Walipokuwa wakirudi, Bibi Kadzo, mwanamke mzee wa banda ambaye ukoma ulimla vidole vyote, alimsogelea.

"Alikuwa akija kwako, mwanangu dresa. Tulimwambia, Chengo, wewe huwezi kuita, ngoja kesho. Akasema, nitaita hata mara moja, yeye ataijua sauti yangu."

Mselem akajipangusa udongo mikononi. "Hakufika, bibi."

"Ndivyo tulivyosema nasi. Hakufika."

Hayo yalikwisha, Idi ikaja, watu wakavaa na kula. Kisha ndipo maji ya mtungi yalipoanza kunuka.

Mtungi ukasuguliwa kwa mchanga na majivu, ukafukizwa udi, ukajazwa maji ya kisima kingine, na kesho yake harufu ikawa palepale. Jioni za baadaye, jua likishuka, barazani kukawa na kishindo cha hatua moja, kisha mkokoto, kisha hatua tena, na mtu akitoka kutazama haoni kitu ila sakafu iliyolowa, hata siku isiyo na mvua. Na asubuhi moja Mwanarusi akafungua mlango akakuta kizingitini bendeji mbichi, imekunjwa vizuri pembe kwa pembe.

"Nani kaileta hii?" akauliza.

"Nimeiangusha mimi jana," akasema Mselem, akaitia mfukoni. Siku nzima zahanati alihisi baridi ya kitambaa kile kwenye paja lake, hata alipokwisha kukichoma moto na mfuko kuwa mtupu.

Ijumaa ile, wakati wa magharibi, Mwanarusi alikuwa uani akipuliza moto, Biasha anachezea vifuu karibu na mlango wa mbele, na Mselem yuko juu ya mswala, amekwisha kuingia katika sala. Ndipo hodi ikaja. Hii haikuwa nyembamba, ilikuwa nzima na yenye adabu, hodi ya mgeni aliyeoga na kuvaa, ikaita mara ya kwanza, ikangoja, ikaita ya pili, na Mselem akiwa ameinamia rukuu akahisi nywele za kisogoni zikisimama, maana chini ya sauti ile nzuri alisikia mkwaruzo anaoujua, na akataka kukata sala apige ukelele mtoto asiseme neno, lakini ulimi ukamganda mdomoni, na akiwa amepeleka paji la uso chini hodi ikaita mara ya tatu, na mwanawe, aliyefunzwa na babake mwenyewe, akahesabu kwa vidole akafurahi, akajibu kwa sauti safi ya mtoto mwenye heshima.

"Karibu."

Mlango ukajisukuma. Hakuingia mtu. Uliingia upepo wa udongo uliochimbwa, ukampita Mselem shavuni, na mkeka wa chumba cha ndani, mkeka mpya uliokuwa umetandikwa vizuri, ukabonyea katikati taratibu, kama unaokaliwa na mtu mwenye mguu mbovu.

Kulipokucha Biasha alikuwa akichechemea. Kwenye muundi palikuwa na kipele kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mtama. Jioni kikapasuka. Siku chache tu na donda lilikuwa upana wa kiganja chake, na kingo zake zilipinda kwa namna ambayo Mselem aliwahi kuiosha kila alasiri kwa miezi. Akaosha kwa dawa ya zambarau, akanyunyiza unga mweupe wa zahanati, akafunga, akalala akishika mguu ule mkononi, na asubuhi akaukuta uko wazi, na bendeji iko kizingitini, imefuliwa, imekunjwa. Akafunga tena, ikafunguliwa tena. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

"Babu amekaa kitandani kwangu," alimwambia mamake. "Asema koo lamuuma." Sauti yake mwenyewe ilikuwa imeanza kukwaruza.

Mwanarusi akamvuta mumewe uani. Uso ulikuwa umemsinyaa. "Hii si ya dawa yako," akanong'ona. "Kamlete Bimkubwa wa Kinondo, yule mganga. Usiponiletea wewe nitamfuata mimi kwa miguu, nimembeba mtoto mgongoni."

Bimkubwa alifika asubuhi ya pili, mwanamke mfupi aliyejitanda kisutu, mwenye kikapu, macho makali, hana haraka. Mselem alimpokea kwa shikamoo, naye akajibu marahaba huku akinusa hewa. Hakuuliza habari za safari wala za ukoo. Alingoja jua lifike utosini, akafunga madirisha, akatia ubani katika chetezo, akamfunika Biasha kwa kaniki nyeusi na kuanza kumsomea na kumwimbia kwa sauti ya chini. Moshi ukajaa. Joto likawa la tanuri. Na ndani ya joto lile, chini ya kaniki, mtoto akaanza kutetemeka kwa baridi.

"Nani mwenzetu?" akauliza Bimkubwa. "Sema, hatugombani."

Kikafuata kikohozi cha mzee. Mwanarusi akajiuma mkono.

"Nilikaribishwa," ikasema sauti.

"Na nani?"

"Na mtoto. Mwenye nyumba hajasema neno."

"Wewe ni yule aliyekufa?"

Chini ya kaniki kukapita kicheko kikavu. "Yule amelala, ni mtu mwema. Mimi ni mpita njia. Nilikuta hodi yake hapa mlangoni, imetupwa, hakuna aliyeiitikia wala aliyeifukuza. Nikaivaa. Yanienea."

Bimkubwa aliitoa kaniki, akampangusa mtoto jasho, akatoka barazani na kumwita Mselem kwa kidole. Hakumtazama usoni. "Aliyekufa alikuja hapa akaita?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukasikia?"

Mselem akatazama ukuta. "Nilisikia."

"Basi dawa ni ndogo, ila ni chungu. Alikuwa na watu aliokaa nao. Nenda mbele ya hao hao, umwitikie hodi yake, umwambie karibu, kisha useme mbele yao kwa nini hukumwitikia siku ile. Hodi ikipata jibu na sababu, huyu aliyeivaa hubaki uchi, naye hawezi kukaa uchi kwenye nyumba ya watu."

Mselem alikwenda alasiri ile ile na Mwanarusi. Watu wa banda wakakaa kwenye mavumbi ya mbata, miguu yao iliyofungwa imenyooshwa mbele, wakimtazama kama walivyomtazama siku zote, kwa shukrani, na kila jicho lililomtazama hivyo lilimchoma. Akasema, "Karibu, Mzee Chengo." Kisha akashusha pumzi, akasema, "Nilimsikia. Aliita mara moja tu. Nikadhani ni jini."

Mmoja akatikisa kichwa kwa huruma, na mwingine akasema kwamba hata yeye, akiwa na nyumba, asingeitika. Bibi Kadzo akanyoosha kiganja chake kisicho na vidole akamgusa begani. "Nani angeitika hodi moja wakati wa magharibi? Usijitese, mwanangu. Ni ajali ya Mungu." Na Mselem, Mungu amsamehe, akalia, nao wakadhani anamlilia Chengo.

Donda la Biasha likaanza kukauka. Maji ya mtungi yakarudi kuwa maji. Mwanarusi alipika wali, akapeleka sinia bandani, na nyumba ikawa na kicheko tena kwa siku kadhaa. Mselem peke yake ndiye hakula kwa raha. Kila alipomfunga Bibi Kadzo alisikia ule mguso begani, na alijiona mwizi aliyepewa zawadi na aliyeibiwa.

Halafu donda likafunguka upya kwa siku moja, kubwa kuliko mwanzo, na harufu ikatoka mtungini ikaenea mpaka kwenye nguo, na Biasha akaacha kula, akalala kutwa akitazama pembe moja ya chumba na kuvuta pumzi kwa shida, na alipojaribu kumwita mamake alitoa nusu ya neno, akakaa kimya akiitafuta nusu ya pili. Bimkubwa akaitwa tena. Alimtazama mtoto mara moja tu, akageuka.

"Hukusema," akamwambia Mselem.

"Nilisema, bibi. Mke wangu shahidi. Nilisema nilidhani ni jini."

"Alisema hivyo," akaitikia Mwanarusi. "Niliyasikia kwa masikio yangu."

Bimkubwa akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Nilikosa kuuliza. Alikufa lini mzee huyu?"

Chungu kilikuwa kikitokota jikoni.

"Mfungo," akasema Mwanarusi hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeamka. "Nilikuwa Tiwi kwa mama. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani."

"Mimi Ramadhani ngoma zangu nazifunika," akasema Bimkubwa. "Chetezo changu nakiweka darini. Sipandishi wala sitoi, kwa kuwa hakuna wa kumtoa. Majini wote wamefungwa minyororo mwezi ule, mpaka mwezi mwandamo. Hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Wewe wasali, wafunga, wajua kusoma. Ulidhani ni jini gani, mwanangu?"

Mwanarusi alikuwa akimtazama mumewe. Miaka yote ya ndoa yao Mselem hajawahi kutazamwa vile, na alitamani apigwe.

"Nilimjua," akasema. Neno likatoka kwa kukwaruza, akajikohoza. "Niliijua sauti yake tangu herufi ya kwanza. Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimechoka na harufu yao. Nikasema moyoni, leo tu, nile futari yangu bila donda."

"Usiniambie mimi," akasema Bimkubwa. "Waambie wenyewe. Na haraka, kwa kuwa huyu mtoto pumzi zinamwisha. Ila ujue, jini hili likitoka kwake litatafuta pa kwenda."

"Lije kwangu."

"Usiseme hivyo. Wasikiwa."

"Lije kwangu, bibi."

Bimkubwa akainamisha kichwa. Kisha akamwambia Mwanarusi atie komeo mlango wa mbele mara tu mumewe akitoka, na jua likishuka asimwitikie yeyote ila aitaye mara tatu, kwa kuwa huyu akishavuliwa hana tena nguvu ya kuita mara tatu.

Mselem akatoka mbio. Safari hii hakuchukua ndoo wala dawa. Njiani, pale kwenye mndimu, kitu kikamkaba koo, si kwa nguvu, kwa upole, kama mtu anayefunga bendeji, mzunguko mmoja, kisha mwingine, na kila hatua aliyopiga kitambaa kile kisichoonekana kikaongezwa mzunguko, na mguu wake wa kulia ukaanza kuwa mzito akawa anaukokota, na nyuma yake akasikia hatua na mkokoto, hatua na mkokoto, akageuka mara mbili hakuona mtu, mpaka alipotambua kwamba kishindo kile ni chake mwenyewe. Alipofika bandani alikuwa akihema kama aliyezama majini. Watu wa banda wakastuka. Walikuwa hawajawahi kumwona akija mikono mitupu.

"Mwanangu, mtoto kafa?" akauliza Bibi Kadzo.

Mselem akatikisa kichwa. Akajaribu kusema, ikatoka pumzi tupu. Akapiga magoti mbele yake, akamshika kile kiganja, akalivuta neno kutoka chini kabisa ya kifua.

"Nilimjua."

Akavuta pumzi, macho yakamtoka. "Halikuwa jini. Ilikuwa Ramadhani. Nilijua ni yeye. Nilikuwa nakula."

Yalikuwa maneno machache, na yalimmaliza. Kipande cha mbata kikaanguka kutoka darini. Bibi Kadzo akauondoa mkono wake mkononi mwa Mselem, polepole, akauficha ndani ya kanga.

"Alituambia wewe ni ndugu yake," akasema. "Alikuwa akituambia kila siku. Mimi nina ndugu mmoja hapa, akisema, ni dresa." Akatazama mguu wake uliofungwa. "Kesho utakuja kutufunga?"

Mselem akaitikia kwa kichwa.

"Uje. Vidonda havina chuki. Lakini usituulize tena habari zetu."

Alirudi jua likizama. Aliuhisi uzito kwenye koo lake, umekaa, umetulia, umefika ulikokuwa ukienda, na moyo wake ukawa na hofu na matumaini vikivutana, kwa kuwa kama liko kwake basi haliko kwa mtoto. Nyumba ilikuwa imefungwa. Kwenye ufa wa mlango palionekana mwanga wa taa. Akapanda barazani, akajishika ukutani, akakusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo.

"Hodi."

Ilitoka nyembamba, yenye mkwaruzo. Akafungua mdomo aite mara ya pili, hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Midomo ilicheza tu.

Ndani miguu midogo ikakimbia kuelekea mlangoni, yote miwili, kwa mwendo mmoja, haina kuchechemea hata kidogo, na Mselem akafumba macho machozi yakamtoka, akamshukuru Mungu bila sauti.

"Mama, kuna hodi," akasema Biasha. Sauti yake ilikuwa safi kabisa.

"Imeita mara ngapi?"

"Mara moja."

Mselem akainua mkono apige mbao. Akafikiria mtoto aliyepona saa ile akisikia mlango unapigwa gizani na asiyesema, akafikiria Mwanarusi akijua au asijue ni nani, na lipi kati ya hayo lililo baya zaidi hakuweza kuamua. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha.

"Rudi hapa kwangu, mwanangu," ikasema sauti ya Mwanarusi, karibu sana na mlango, upande wa pili wa ubao ule ule. Ubao ukalia kidogo, kama umeegemewa na mtu anayemsikiliza mwenzake akihema. "Tumngoje baba yako. Yeye akija ataita mara tatu."

Mselem akakaa chini barazani, akaunyoosha mguu wake wa kulia. Mvua ikaanza.